Mkono Uliosingiziwa Kuchelewa

Sfax, 26 Septemba 2006

Mjomba wangu Larusi,

Assalaam alaykum. Nakubusu kichwani, na umsalimie sana mkazamjomba Zakia. Sisi hatujambo. Leo ni siku ya tatu ya mfungo na mke wangu Sondes amekwisha gombana na jiko mara mbili. Mama anasema kaka wa kweli hamsahau dada yake kwa sababu ya kilomita mia tatu, basi ujue kwamba kesi yako iko mezani.

Sasa jambo langu. Zile nyimbo za kale ambazo kundi lenu lilinipigia kiangazi huko Testour, udi, fidla na sauti za wazee, nimeziingiza zote kwenye kompyuta ya nyumbani. Kilichobaki ni tari yako, maana siku ile ulikuwa kitandani na homa. Nataka uje Sfax baada ya Idi, uvae hedifoni, uwasikilize wenzako na kupiga juu yao. Kundi bila mdundo wako ni kama supu isiyotiwa chumvi.

Mashine yangu ilikuwa na kasoro moja. Ndani ya kila kompyuta mna kiini, yaani programu mama inayogawa zamu: sasa diski, sasa skrini, sasa sauti. Sauti ikingojeshwa inapasuka, pa! pa!, kama mafuta ya kukaangia briki, zile sambusa zetu. Wewe uliyekaa dirishani pa posta miaka thelathini na moja utanielewa. Ni kama karani anayepima vifurushi, telegramu ya msiba ikija naye anaiambia ipange foleni. Nimejenga kiini kipya ambamo, telegramu ikifika, karani anaacha kifurushi kwenye mizani na kuishughulikia papo hapo. Kitu hiki hakinunuliwi dukani. Unachukua maandishi yake yaliyo wazi kwa kila mtu, unaongeza marekebisho ya mafundi wa mbali, unajibu maswali mia kadhaa, ndiyo, hapana, ndiyo, kisha mashine inakipika saa tatu nzima feni ikivuma. Jana kimeiva. Sidhani kama yupo mwingine Sfax nzima aliyekifanya.

Mpwa wako,
Wajdi

*

Testour, 2 Oktoba 2006

Wajdi mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam. Barua yako imefika kwa siku tatu. Posta bado ina heshima yake, ingawa walionirithi dirishani hawajui kunyoosha muhuri. Mwambie mama yako kesi nimeikubali na faini nitailipa kwa makomamanga. Mwaka huu yamepasuka yenyewe mitini kwa utamu. Zakia ameuliza kama hicho unachokipika saa tatu kinalika.

Nitakuja. Miaka arobaini na miwili nimelishika kundi hili kwa mkono mmoja, na Mzee Hedi, kiongozi wetu, akisahau alipofika hutazama vidole vyangu, hatazami kitabu. Ila sijawahi kupiga na watu wasiokuwepo chumbani. Usinicheke nikiwasalimia.

Na hicho kiini, umekihakikisha? Posta, tukibadilisha kufuli, tulijaribu ufunguo kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Mjomba wako,
Larusi

*

Sfax, 21 Novemba 2006

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini ulifika salama. Mavuno ya zeituni yameanza, mji mzima unanuka mafuta, na Mama anakushukuru kwa makomamanga. Sondes alisikitika ulipoondoka siku moja kabla ya siku uliyosema. Alikuwa amekwisha nunua samaki.

Yale niliyosema mbele ya Slim usiyatie moyoni. Slim ni mwalimu wa udi, masikio yake ni makali, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza mbona tari inabaki nyuma. Mimi nilisema tu kwamba mashine haina upendeleo, inaandika inachosikia. Na pale niliposema, "Mjomba, umri hauna siri," nilikuwa natania. Aliyecheka ni Slim.

Usijali, kazi haikuharibika. Nimechukua mipigo yako mmoja mmoja nikaisogeza mbele kwenye skrini, mingine kidogo, mingine zaidi. Mtu hatajua.

Mpwa wako,
Wajdi

*

Testour, 15 Januari 2007

Wajdi,

Salaam. Idi kubwa imepita vizuri, kondoo alikuwa mnono. Mvua imekuja kwa wakati wake. Nimepogoa miti yote ya upande wa mto. Goti la kushoto linauma asubuhi, linapoa adhuhuri. Msalimie mama yako na Sondes.

Muziki upo kama ulivyo.

Larusi

*Wajdi, ni mimi Zakia, naandika hapa chini kwa sababu bahasha ameniachia mimi niifunge. Mjomba wako hapigi tena. Ijumaa ya kwanza baada ya kutoka kwenu alikwenda mazoezini na tari, akarudi mapema mikono mitupu, akasema, "Nimempa Fethi." Fethi yule fundi wa vigae! Mtu mwema, lakini mkono wake Mungu aliuumba kwa ajili ya saruji. Nikimuuliza kilitokea nini Sfax, anasema alikula samaki vizuri. Siku hizi anakaa sebuleni akipiga goti kwa vidole, akiniona anaacha. Mwanangu, mlimfanya nini? Usimwambie nimeandika.*

*

Sfax, 22 Januari 2007

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mama ana mafua kidogo, Sondes hajambo, mimi nasahihisha mitihani ya hesabu ya watoto themanini. Baridi ya mwaka huu imetushangaza.

Nina habari njema. Nimegundua kwamba siku ile mashine ilikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi, huenda ikawa imeathiri mpangilio wa sauti kwa kiasi fulani. Imekwisha kurekebishwa. Ingekuwa vizuri uje tena turudie, ukipata nafasi. Mambo ya kompyuta ndivyo yalivyo, leo hivi, kesho vile.

Wajdi

*

Testour, 13 Februari 2007

Wajdi mwanangu,

Salaam. Mpe mama yako asali na limau, asimsikilize daktari.

Barua yako ina tarehe 22 Januari, lakini muhuri wa posta ni wa tarehe 9 Februari. Siku kumi na nane. Nimeutazama kwa miwani ya kukuzia, nikidhani macho yangu nayo yamezeeka. Posta haikai na barua siku kumi na nane, hata posta ya leo. Aliyekaa nayo ni wewe. Mtu aliye na habari njema haitembezi mfukoni wiki mbili na nusu.

Tena umeandika "huenda", umeandika "kwa kiasi fulani", umeandika "kiufundi". Ulipokuwa mdogo ulipovunja mtungi wa bibi yako ulisema mtungi ulikuwa na tatizo. Mficha uchi hazai, Wajdi. Kuna neno umelimeza. Nimekwisha kuwa mtu wa kusogezwa mbele kidogo kidogo. Basi hilo neno nalo lisogeze mbele.

Zakia anakusalimu. Hiyo nyongeza yake ya mwezi uliopita niliisoma baada ya yeye kuifunga bahasha. Mvuke wa birika ni kazi yetu sisi watu wa posta.

Larusi

*

Sfax, 4 Machi 2007

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Mama amepona, Sondes hajambo. Mimi nina aibu, na leo sitaandika kitu kingine.

Kiini kipya nilikijenga kweli, na nilikiweka kwenye diski mahali pake. Lakini kompyuta inapowashwa, kuna programu ndogo inayotangulia kuamka. Ina daftari lake la anwani, na humwamsha yule aliyeandikwa humo. Ukileta kiini kipya, huna budi kuliandika upya daftari hilo kwa amri moja, neno moja tu. Sikuliandika. Tangu Septemba, kila nilipowasha, aliyeamka ni kiini cha zamani, yule karani wa vifurushi, na kipya kikalala kando yake miezi minne bila kuitwa. Ipo pia amri ya kuiuliza mashine jina la kiini kinachofanya kazi. Mtoto anaweza kuiandika. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijiona najua. Nilipopata maneno ya mkazamjomba ndipo nikauliza, na mashine ikanijibu jina la zamani na tarehe ya mwaka juzi. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani.

Mipigo yako ilikuwa inangojeshwa mlangoni kabla ya kuandikwa, mara kidogo, mara zaidi. Kilichochelewa ni mashine yangu. Mkono wako haukuchelewa hata chembe.

Ningeweza kufunga bahasha hapa, nawe ungesema ni ujinga, na ujinga husameheka. Lakini lipo lile nililolimeza.

Programu ya sauti ina kidirisha kidogo kinachohesabu kila mara mashine inaposhindwa kuwahi. Siku ile ulipokuwa unapiga, nambari ilikuwa inapanda. Kumi na moja, arobaini, mia na kitu. Niliiona, Mjomba. Slim alikuwa amesimama nyuma yangu, na wiki nzima nilikuwa nimemjaza masikio na sifa za kiini changu. Nikavuta dirisha jingine nikakifunika. Kisha Slim akauliza mbona tari iko nyuma, nami nikageuka nikakutazama wewe, na wewe ulikuwa umevaa hedifoni bado, unatabasamu, umetoka kumsalimia Mzee Hedi ambaye hayupo. Sikuwa na hakika kwamba kosa ni la mashine. Lakini sikuwa na hakika kwamba ni lako pia. Nikakuchagua wewe kwa sababu wewe ni mjomba wangu, na nilijua utanyamaza.

Barua iliyopita nilikaa nayo siku kumi na nane. Hii naitia posta sasa hivi, kabla sijaisoma tena.

Wajdi

*

Testour, 11 Machi 2007

Wajdi,

Salaam. Nimeisoma mara mbili, kisha nikampa Zakia akaisoma kwa sauti, kisha tukala, maana chakula hakina kosa.

Umejenga nyumba mpya na hukumwambia tarishi kwamba umehama. Watu wa namna hiyo nimewaona dirishani miaka thelathini na moja, wanapiga meza kwamba posta imekula barua zao. Sikujua kwamba mmoja ni wa damu yangu. Hilo nimelicheka, na Zakia amelicheka zaidi.

La kidirisha sikulicheka.

Sasa sikiliza langu, maana nami nilimeza. Siku ile nilijua kwamba sikuchelewa. Mkono unajijua. Nilinyamaza kwa sababu Slim alikuwepo, na mtoto wa dada hakaripiwi nyumbani kwake mbele ya mgeni. Nikajisemea, mwache, heshima yake ni changa, yangu imekomaa. Lakini safarini, kabla hata hatujafika Kairouan, swali likaniingia: na kama kweli? Nina miaka sitini na minane. Baba yangu alianza kusahau majina akiwa na miaka hiyo. Ijumaa nikaenda mazoezini, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa nausikiliza mkono wangu badala ya kuwasikiliza wenzangu. Nikachelewa, Wajdi. Safari hii kweli. Mzee Hedi aligeuza uso akatazama ukuta, na mimi nikaona bora kumpa Fethi tari kabla ya kuombwa.

Kwa hiyo usiniambie nije turudie. Ulichokiharibu hakimo ndani ya kompyuta, na amri ya neno moja haitakitengeneza. Nina hasira nawe, na nikiacha kuwa na hasira nina huzuni, na vyote viwili vinanichosha.

Ulisema mbele ya mtu, basi uje usahihishe mbele ya watu. Maulidi ni Jumamosi, tarehe 31. Kundi linakusanyika zawia, nyumba yetu ya dhikri, baada ya alasiri. Mlete na huyo Slim.

Larusi

*

Sfax, 8 Aprili 2007

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Tulifika salama, mimi, Slim na mashine yangu iliyofungwa blanketi kama mgonjwa. Mama anauliza asida ya Zakia, ule uji mzito wa Maulidi, ilitiwa nini, maana Slim hazungumzi jambo jingine.

Najua ulikuwepo, lakini nataka kuyaandika yale ya zawia, nisije baadaye nikayapunguza. Nilisimama mbele ya wazee kumi na mmoja na majirani zao. Nikasema lile la daftari la anwani, hakuna aliyelielewa. Nikasema lile la kidirisha, wote wakalielewa.

Mzee Hedi akaniuliza, "Hicho kidirisha kilikuwa kikubwa kiasi gani?"

"Kama kiberiti, mzee."

"Na cha kukifunikia ukamtafuta Larusi."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Kaa chini, unatuzibia hewa."

Slim naye akainuka bila kuambiwa, akasema yeye alicheka na anaomba radhi. Sikumtegemea. Kisha Fethi akakusogezea tari kwa mikono miwili, nawe ukasema, "Piga wewe, umeshaizoea." Hapo ndipo nilipoona kwamba kukiri kwangu hakukurudisha kitu. Nilikuwa nimejidanganya njia nzima kwamba nikisema tu, utaichukua. Mkazamjomba alinipa bakuli langu la asida mwisho kabisa, baada ya watoto wa majirani. Nilistahili.

Uliniruhusu nirekodi, na nilirekodi. Kabla ya kuanza niliiuliza mashine jina la kiini, mara tatu. Ilikuwa kipya. Kidirisha nilikiweka katikati ya skrini, na mpaka mwisho kilikaa sifuri.

Jana niliketi kusikiliza. Fethi anajitahidi, lakini anateleza kila mdundo unapobadilika, nawe umekaa kulia kwake, mikono mitupu. Nyuma ya tari yake nikasikia kitu, tu, tu, kikavu, cha chini. Nikadhani mashine imeanza tena. Nikaongeza sauti. Ni kiganja chako, Mjomba, juu ya goti. Kimo wimbo wote. Fethi akichelewa, kiko mahali pake. Mzee Hedi akisahau, kiko mahali pake. Sikusogeza kitu. Nimeitia kwenye sidii, imo ndani ya bahasha hii. Usiniamini mimi, sikiliza mwenyewe.

Wajdi

*

Testour, 16 Aprili 2007

Wajdi mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam. Mwambie mama yako siri ya asida ni maji ya ua la geranium na kutomwachia mtu mwiko. Mikomamanga imeanza kutoa majani mekundu.

Sidii yako tumeisikiliza kwenye redio ya Fethi, kwa sababu yetu haina mahali pa kuitia. Zakia alisema, "Nimekaa na goti hilo miezi mitano, nilidhani ni maradhi." Nilitoka nikatazama miti.

Leo asubuhi Fethi amekuja na tari ndani ya mfuko wa saruji. Anasema, "Mzee Larusi, nihurumie. Siwezi kupiga nikiwa nimekaa karibu na goti lako. Kila nikichelewa linanisuta." Nikamwambia aiweke mezani, anywe chai. Alipoondoka nikaishika kidogo. Nikazikung'uta njuga, zilijaa vumbi la vigae. Nikapiga mpigo mmoja, kisha wa pili, sikuusikiliza mkono, nilimsikiliza Zakia akiosha vikombe. Akageuka, akaendelea kuosha, lakini taratibu, kwa kunifuata.

Hasira bado ipo kidogo, nakwambia ukweli ili usije ukadhani imekwisha. Na aibu yako usiitupe. Iweke juu ya meza ya mashine, mahali ambapo hakuna dirisha la kuifunika.

Njoo kabla ya joto. Nitapiga nyimbo zote upya, na ile mipigo uliyoisogeza uifute mbele yangu. Lakini kabla sijaigusa tari utaiuliza kompyuta jina la kiini chake, na jibu atalisoma Zakia.

Barua hii nimeianza baada ya chai na nimeimaliza kabla ya adhuhuri. Naipeleka posta mwenyewe, kwa miguu, na goti haliumi. Tazama tarehe niliyoandika juu, kisha tazama muhuri.

Mjomba wako,
Larusi